Gorogoro

Mwaka ule Musembi alipokuwa kiwandani, zamu ya mchana na ya usiku,
unga tulinunua wa pakiti, pakiti tatu tatu,
na nyama hata Jumanne, siku isiyo na sherehe yoyote.
Tuliomba kabla ya kula, ndiyo,
sala fupi kama risiti,
macho yangu yakiwa kwenye simu.
Ukiniuliza leo nyama ile ilikuwa na ladha gani
nitakudanganya.

Kisha lango la kiwanda likafungwa kwa mnyororo.
Tukahama Donholm na kochi moja, la pili likatushinda kodi,
tukaja Kariobangi, chumba kimoja juu ya kinyozi,
maji Alhamisi,
na Alhamisi nyingine hapana.

Hapo ndipo nilipojuana na Mama Wambeti
na gorogoro yake, kopo la mafuta lililobonyea ubavuni.
Ana mkono wa haki mno:
hujaza mahindi mpaka yafanye kilima,
halafu kiganja, fyu,
kilima kinarudi guniani.
Haba na haba hujaza kibaba, tuliimbishwa shuleni.
Hawakutwambia kuna anayekwangua.

Sisemi njaa ni mwalimu.
Njaa ni njaa. Mwanangu Mutheu
alilala saa kumi na mbili ili asiione saa mbili.

Lakini Ijumaa moja, mvua, soko tupu,
kiganja kilifika ukingoni mwa kopo
kikasita.
Hakusema kitu. Akafunga mfuko, kilima na vyote.
Nilikibeba hadi nyumbani kama yai.
Tulipika githeri usiku ule. Nakumbuka kila punje,
hata ile ngumu iliyonigonga jino la nyuma
nikacheka mdomo wazi, Mutheu akanishangaa.
Nilisahau kuomba.
Au labda kule kucheka ndiko kulikuwa kuomba, sijui.

Sasa Musembi amepata tena, mjengo kule Ruaka.
Kochi la pili limerudi, la rangi nyingine.
Pakiti zinaniita kutoka kwenye rafu, zimenyooka kama wanafunzi,
nami bado nateremka kwa Mama Wambeti.
Jana, kabla hajanyosha mkono,
nikaweka kiganja changu juu ya kopo
nikasawazisha mwenyewe.

"Umekuwa tajiri?"
"Hapana. Nimeshiba."

Akanitazama, akafyonza,
akachota punje tatu, akazitupia mfukoni
kwa ubishi tu.