Nyuzi Nne

Ijumaa, gereji ya Arvil, milimani Virginia.
Tairi zimesukumwa ukutani; harufu ya grisi, harufu ya kahawa.
Tumekaa duara, magoti karibu yagusane:
Dreama na fidla, Hobart na mandolini yenye ufa,
mimi na banjo ya kuazima.

Hakuna anayehesabu moja, mbili.
Hobart anakohoa, na wimbo umeshaondoka.
Udandie au uachwe.

Zamu yangu ilipofika, uzi ukakatika, pa!
ukanichapa kidole.
Nikababaika.
Dreama hata hakunitazama.
Aliinamisha kichwa tu, fidla yake ikaziba pengo langu,
kama mtu avutaye blanketi gizani
kumfunika mwenziwe aliyelala.

Nyumbani ninazo nyimbo hizihizi kwenye kanda,
safi, hazina kosa wala kikohozi.
Kanda haijawahi kunikatia uzi.
Haijawahi kunifunika.

Saa nne mke wa Arvil akazima taa ya nje.
Tukasema, huu ndio wa mwisho.
Tukapiga mitano,
mimi na nyuzi zangu nne,
damu kidogo kidoleni,
na kicheko ambacho sikujua kimetoka wapi.