Sekunde Kumi za Ziada

Niliinunua Kutaisi, gulioni, siku ya mvua,
kwa muuza saa mbovu aliyeihifadhi ndani ya soksi:
kamera ndogo, kongwe kuliko ndoa yangu,
lenzi ina mkwaruzo mmoja mwembamba
kama unywele ulioangukia mchuzi.
"Gizani haioni vizuri," akanionya.
Nikamjibu, "Hata mimi."
Akapunguza lari tano.

Huku Chiatura mchana wa Novemba ni kibaba tu.
Jua huchungulia bonde saa sita,
likaona vumbi jeusi la manganizi kwenye kuta na nguo zilizoanikwa,
likajiondokea bila kuaga.
Basi nikajifunza kuuotea mwanga kama paka:
dirisha la jikoni, saa sita hadi saa saba na robo,
na shuka jeupe la harusi nimelitundika kitini
lilirudishie shavu la pili haki yake.

Video ya kwanza: dakika arobaini za pua yangu.
Ya pili: upepo, upepo,
na mahali fulani ndani ya upepo
shangazi Nazibrola anaeleza ufumaji wa soksi.
Ya tatu niliipiga huku natembea.
Mwanangu Gela aliitazama, akashika tumbo:
"Mama, nimepata kichefuchefu cha meli
na meli sijaipanda."

Nililia kidogo. Kisha nikacheka zaidi.
Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi,
na mimi hilo koleo lenyewe sikuwa nalo.
Nilikuwa na kilo mbili za maharage mfukoni mwake:
nikaikalisha kamera juu yake, ikatulia
kama kuku aliyefikia siku za kuatamia.
Simu ya zamani, kioo kimepasuka,
nikaificha ndani ya skafu ya msemaji, karibu na kifua.
Sauti kwanza!
Picha chafu mtu ataivumilia;
nani atavumilia kuambiwa siri na upepo?

Mengine niliyaandika nyuma ya risiti za duka la dawa ninakofanya kazi.
Usivute karibu, nenda karibu.
Usimkalishe mtu akalipa dirisha mgongo.
Zima friji, isingurume.
(Kumbuka kuiwasha. Nyama ya Jumapili imeoza.)
Na moja la Otari, mpiga picha za pasipoti,
aliyelisema huku akitafuta chenji:
Ukimaliza, usizime. Hesabu kumi.
Kumi za nini, hakusema.

Februari nikamwendea Bichiko,
aliyeendesha gari la waya miaka thelathini na mmoja,
lile sanduku la chuma lililovusha wachimbaji
juu ya mapaa yetu.
Nikamleta jikoni. Shuka. Maharage. Skafu.
Akaeleza breki, grisi, barafu ya alfajiri,
kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo kituo cha polisi.
"Imetosha?"
"Imetosha, ahsante."

Sikuzima.

Moja. Mbili. Akaitazama mikono yake.
Nne. Wa kulia ukapanda, taratibu,
ukashika hewani mpini usiokuwepo.
Sita. Akausukuma.
Macho yakakifuata kitu kinachoondoka,
kikavuka meza, kikavuka sufuria, kikavuka bonde,
na midomo ikawa inahesabu abiria.
Hapo jua, likiwa mlangoni kwenda zake,
likaushika ule mkwaruzo wa lenzi:
uzi wa mwanga, umenyooka,
kutoka ngumi yake hadi ukingo wa fremu.
Nilisahau kuhesabu.

Usiku Gela aliitazama mara tatu, hakushika tumbo.
"Tukipata hela," akasema mwishowe, "tubadilishe lenzi?"
Nikaitazama kamera juu ya maharage yake.
"Tutaona," nikamwambia.
"Kwanza kawashe friji."