Hukumu ya Mbuzi wa Harusi

Miaka thelathini na moja niliandika hukumu za wengine,
kwa taipu, kisha kwa kompyuta. Yangu sikuwahi kutoa.
Basi hii ndiyo ya kwanza. Mshitakiwa ni boksi.

Nimelinunua nyuma ya Marikiti kwa elfu moja mia nane,
baada ya mwenye duka kuapa kwa macho ya mamake
kwamba hapati hata senti.
Ni zawadi ya mjukuu wangu Nasri, anatimiza tisa Jumamosi.
Jina limeandikwa kwa herufi zinazoyumba: MBUZI WA HARUSI.

Sitoi nisichokijua. Viatu hujaribiwa, haluwa huonjwa.
Nikalifungua Alhamisi usiku, stima imepotea Tudor nzima,
tochi ya simu imeegemea kopo la chumvi, kachiri sahanini,
nikaita mashahidi:
Munira mke wangu, ambaye hushinda kila karata na kukana;
Mama Kadzo wa chini, aliyekuja kuomba kiberiti;
na Shekuwe, nduguye Munira,
ambaye hatusemi tangu Mfunguo Pili, kisa tangi la maji.

Kanuni ni ukurasa mmoja. Kila mtu ni mbuzi.
Njia yazunguka uwanja wa harusi, mwisho wake sufuria.
Wa kwanza kufika ni pilau. Wa mwisho ndiye mshindi.
Mimi mtu wa drafti, nafikiria hatua nne mbele;
hapa hatua nne mbele ni kisu.

Lakini kuna kadi.

*Mama wa bwana harusi amekuona. Jifanye kiti.*
Mama Kadzo, mweka hazina wa chama, mwanamke wa heshima zake,
akajifanya kiti. Miguu minne. Kope hazipepesi.
Munira akataka kumkalia.

*Lia kama mbuzi aliyesikia kisu kikinolewa.*
Hiyo ikaniangukia mimi.
Nikakohoa. Nikaomba muda. Muda ukakataliwa.
Nikalia mee ya karani, fupi, yenye nukta mwisho.
Wakasema haikubaliki.
Ya pili ilitoka nisikokujua;
paka wa jirani akaruka dirishani asirudi.

Ushahidi dhidi yake ninao.
Kadi ni nyembamba, kwa joto letu zimeshajikunja
kama maganda ya chungwa juani.
Mbuzi wa kijani alizaliwa na pembe moja.
Kanuni yasema: *Mchezaji mdogo aanze kuliwa*,
nadhani walikusudia kucheza.
Na mzaha ukirudiwa mara tatu huisha chumvi;
kufikia Idi, huu utakuwa maji.

Kisha Shekuwe akavuta yake:
*Mbembeleze mbuzi aliye nyuma yako mbadilishane nafasi. Tumia jina tamu.*
Nyuma yake ni mimi. Mbele yake, sufuria.
Kimya. Kachiri moja ikavunjika mdomoni mwa mtu.
"Ewe… kidevu cha asali," akasema shemeji,
yule yule aliyeniletea barua ya wakili,
"nipishe nirudi nyuma kidogo."

Sikumpisha. Kanuni yaruhusu kukataa.

Hatukupatana, isije ikaandikwa hivyo.
Tangi bado ni kesi, na Jumatatu wakili wake nitamjibu.
Ila alipotoka alisema, "Haya, kidevu,"
na mlango hakuubamiza.

Hukumu, basi: mchezo huu ni wa kipuuzi.
Hauongezi hesabu, wala subira, adabu ndiyo kabisa.
Tena haufai kupewa mtoto,
kwa kuwa boksi limelowa mafuta ya kachiri,
kadi ya kiti Mama Kadzo ameondoka nayo, adai ni haki yake,
na Munira ameshaualika mtaa kwa usiku wa leo.

Ijumaa baada ya sala nikarudi nyuma ya Marikiti.
"Lile lilikuwaje?" mwenye duka akauliza.
"Ovyo," nikamwambia. "Nipe jingine.
Na leo macho ya mamako tuyaapie kwa elfu moja na nusu."