Daftari la Ahadi

Chumba chetu kipo Tukuyu, nyuma ya fundi cherehani,
na mvua ya huku haibishi hodi.
Rimu za karatasi tunazilaza juu ya kichanja cha mianzi,
tunazifunika nailoni kama mtoto mwenye homa,
na bado asubuhi kingo zimevimba,
zinanuka gunia la majani ya chai lililosahaulika kiwandani.

Tulianza na kaunta buku.
Safu mbili nilizipiga kwa rula ya Ipyana wa darasa la tano:
AHADI. TASLIMU.
Ya kwanza ilijaa ndani ya wiki.
Ya pili ilibaki nyeupe
kama ukungu wa Juni unaoificha Rungwe mpaka saa sita.

Watu wa huku wanajua kuchanga.
Harusi ikitajwa, kamati inakaa kabla mahari haijakauka mkononi;
msiba ukilia, mchele unafika kabla ya jeneza.
"Lakini kitabu," aliniuliza Mwasandube wa duka la spea,
"kitabu cha mambo ambayo hayakutokea!
Nikichangia, nitakuwa nimemzika nani, nimemwoza nani?"
Sikuwa na jibu.
Nilimwandika kwa penseli.

Baadaye simu ikaanza kulia usiku.
Elfu mbili, Kyela.
Elfu tano, Mafinga, mpasua mbao:
"Jina msiniandike. Mke wangu anajua nimenunua tupa ya msumeno."
Tumpe wa soko la Kiwira akaleta mkungu wa ndizi;
tukauuza, tukaandika elfu saba,
na zile mbili tulizokula tukaziandika pia.
Mwalimu Atupakisye, mstaafu, akatuma mia tano kila Ijumaa,
kila Ijumaa, mia tano, makato juu yake,
hata Alhamisi jioni tukawa tunaichaji simu mapema.

Kisha Bwana Sanga, vifaa vya ujenzi, Makambako.
Tulikuwa tumempa mswada autazame.
"Laki mbili," akasema, "na nyingine mbili mkikwama.
Ila yule mkunga, Segolina, asife.
Sura ya tisa irekebisheni.
Karatasi si nimenunua mimi?"

Laki mbili.
Gundi, jalada la rangi, nauli ya Mbeya mitamboni, kwenda na kurudi.
Nilimpigia Lugano, mwandishi wetu;
alikuwa shambani anachuma parachichi za watu.
Alinyamaza. Nikasikia ndoo inawekwa chini.
"Siku niliyomuua sikula," akasema.
"Siwezi kumfufua kwa risiti."

Tukairudisha, na ada ya kutuma juu yetu.
Jina lake nililipiga mstari mmoja, linasomeka.
Nakala mia tano zikawa mia tatu na kumi.
Jalada likawa kijani tupu,
maana kijani ndiyo iliyokuwa imebaki mitamboni.

Leo zimeshuka kwenye buti ya Noah,
maboksi manne, moja limelowa pembe.
Ukurasa wa mwisho tumewataja wote waliotoa:
Ndizi, Tumpe.
Tupa, mtu wa Mafinga.
Ijumaa arobaini na moja, Mwalimu Atupakisye.
Bwana Sanga amemtuma dereva kununua nakala moja, bei ya kawaida.
Salamu hakutuma.

Mwasandube kaja jioni, koti linachuruzika.
Alisema anajikinga mvua tu.
Akasoma amesimama, kidole kikifuata mstari,
mvua ikakatika, akaendelea kusoma,
fundi akafunga cherehani, akaendelea,
mpaka sura ya tisa.
Akafunga kitabu. Akavua kofia.

"Kumbe tumezika," akasema,
akaitoa elfu kumi, akailaza mezani kimyakimya
kama mtu aliyechelewa matangani,

nami nikainama kutafuta kalamu ya wino.