Majani ya Mpakani

Lile taji la plastiki tuliloletewa na wageni
panya walishalila upande mmoja.
Mwinjilisti akanigeukia mimi, mshika funguo:
"Mama Aikande, tafuta majani mabichi,
Jumapili tunaanza Majilio."

Majani mabichi! Kana kwamba huku Moshi ya juu
kuna kisicho kibichi mwezi huu.
Migomba inachuruzika, mfereji umefika mlangoni pa zizi,
Kibo hatujamwona siku ya tisa leo,
amejifunika gubigubi kama mgonjwa.
Lakini jani la mgomba hunyauka kabla mahubiri hayajaisha,
la mparachichi halikubali kukunjwa.
Ni masale tu yanayovumilia wiki nne,
na masale yangu mazuri yako mpakani.

Mpaka wangu na Ndelilio, mdogo wake marehemu.
Mwaka tuliomzika Anaeli, udongo haujatulia,
mstari wa masale ulitembea hatua tatu
kuja kwangu, usiku, bila miguu.
Nami nikaziba kichochoro chake kwa mabanzi na miba,
azunguke kule bondeni akitaka chumvi.
Miaka sita.
Benchi moja kanisani, yeye mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule,
tunamwita Bwana yuleyule aje.

Na kila mwaka husomwa lile somo la njia jangwani.
Huku hatuna jangwa. Nililisikiliza kwa raha
kama mtu anayesikia bei ya mchanga wa nchi nyingine.

Jumamosi alfajiri nikaenda na panga, nisionwe.
Nikakata kumi na mawili, marefu, yasiyo na doa,
nikayakumbatia, umande ukipenya kanga hadi kifuani.
Nilipogeuka, Ndelilio amesimama pale
na ndoo yake ya maziwa.
Akayatazama masale.
Akaweka ndoo chini.
Akavua kofia.

Hapo ndipo nilipokumbuka nimebeba nini.
Kwetu humwendei mtu na isale
halafu ukasema ulikuwa unapita.
Mdomo ulikuwa tayari: "Ni ya taji la kanisa, shemeji."
Ukweli mtupu, ningeapa juu ya madhabahu.
Ukafika kwenye meno, ukakaa.
Maana kidevu cha yule mzee kilikuwa kinatetemeka,
na niliona kwamba alikuwa akingoja,
sijui tangu lini,
kitu ambacho mimi sikuwa nimekuja nacho.

Nikachomoa jani moja, nikalipiga fundo.
Sikusema neno la maana. Nilisema, "Umeamkaje."
Akalipokea kwa mikono miwili
akaniambia ng'ombe wake mwekundu amezaa.

Usidhani hatua tatu zimerudi.
Tutaliongea baada ya Krismasi, watoto wakishapanda
na magari yao ya Dar es Salaam na kelele zao.
Mabanzi nimeyang'oa. Miba mingine imeota mizizi.

Jumapili taji lilikuwa na majani kumi na moja.
"Hapa pana pengo," akasema Mwinjilisti.
Nikamwambia, paache.
Umeme ulikuwa umekatika tangu Ijumaa,
tukawasha mshumaa wa kwanza, mweupe wa dukani
uliozungushiwa kipande cha kitambaa cha zambarau
kwa kuwa ya rangi yake haikupatikana.

Zamani nilidhani kungoja ni kufuta madirisha,
ukatandika, ukakaa, mikono mapajani, hodi ipigwe mbele.
Mimi nimekutwa nyuma ya nyumba,
panga mkononi, ndala moja imekatika kamba.

Sijifanyi nimeelewa.
Ila kila nikifagia naliangalia lile pengo.
Upepo wa mlimani hupitia hapo,
na moto huinama kidogo
kuelekea benchi letu.