Mitende Kumi Kila Upande

Mizani inaning'inia kwenye boriti ya banda la mbuzi.
Samaili, alfajiri, na jua limeshaanza kudai.
Shafiqul yuko juu, kamba kiunoni,
kole la kwanza analishusha taratibu kama mtoto aliyelala.
Mimi chini, na daftari linalonata.

Kesi ni hii. Babu alipofariki,
shamba la falaji lilimwangukia mjomba Mbarouk,
la kisima cha mashine likawa la mjomba Zahor.
Miaka tisa Zahor hali chakula kwa nduguye.
"Yeye ana maji ya mlimani, mimi nina chumvi. Nimepunjwa."
Na Mbarouk: "Mvivu hakosi kisima cha kulaumu."
Wamesikia mpwa wao yuko maabara:
pima, tuambie, tumalize.

Khalasi kwa khalasi, mitende kumi huku, kumi kule,
niliyoichagua kwa kura, si kwa macho,
maana macho yana mjomba yanayempenda.

Mtende wa saba wa Zahor ukatoa kilo thelathini na nane.
"Huo ufute," akasema Mbarouk, "umeliwa na popo."
Sikuufuta.
Popo nao wamo shambani.

Jioni nikajumlisha, nikagawa.
Falaji: wastani kilo sitini na moja na nukta mbili.
Kisima: hamsini na tano.
Zahor akapiga paja. "Sita na ushei! Sikusema?"

Subiri, mjomba.
Sita ni ya mitende hii ishirini tu.
Mtende na jirani yake, wanaonywa mfereji mmoja,
wameachana kwa kilo ishirini.
Kelele za ndani ya kila shamba lazima nizipime
kabla sijadai kusikia mnong'ono kati ya mashamba mawili.

Fikirini mbuzi kafungwa gizani. Hatembei.
Huyo ndiye tofauti ya kweli, na simwoni.
Ninajenga ua nikikisia alipo.
Mavuno yakibadilika, ua ndio unaosogea.
Nikijenga nyua mia kwa njia hii hii,
kama tisini na tano zitamzunguka,
na tano zitajigamba zimezunguka mchanga mtupu.
Huu wa leo ni wa kundi gani?
Siambiwi.

"Basi ua wako unaanzia wapi?"

Hasi mbili na nukta saba.
Unaishia kumi na tano na nukta moja.

Mbarouk akacheka hadi kofia ikalegea.
"Kilo hasi! Tende hizo zinaliwa au zinatapikwa?"
Maana yake huenda kisima ndicho kinachoshinda, mjomba.
Hapo kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo sifuri imo," akasema Zahor, polepole.
Imo. Imelala ndani ya ua, karibu na mlango, inacheua.
"Kwa hiyo tuko sawa," akadakia Mbarouk.
Sikusema sawa.
Nimesema sijui,
na nimewapa upana wa kutojua kwangu.

Mama, jikoni, aliyekulia Wete akihesabu karafuu:
"Kwetu pishi ilikuwa moja, na watu waligombana vilevile."

Kahawa ikaja. Zahor, akili yake ikiwa kwenye ile hasi,
akanyoosha mkono akala tende ya sinia la Mbarouk.
Akaitema kokwa. Akachukua nyingine.
Sikuandika.

Ua mpana hivi, nikawaambia, haumfai mchungaji.
Mwakani nipeni mitende arobaini kila upande;
ukipima mara nne, ua unabana karibu nusu.
Wajomba wakatikisa vichwa, kwa mara ya kwanza pamoja:
arobaini, naam, arobaini.

Shafiqul alikuwa akikunja kamba mlangoni.
Alihesabu kwa vidole, akarudia.
"Sitini zaidi," akasema.
"Na hiyo sitini, dada,
nani ataipanda?"