Kisanduku Cheupe

Mbusa huchora. Mimi ni wa viputo:
naandika wanayosema watu wake,
maana mwandiko wake ni kuku juu ya unga.
Meza yetu ni mlango uliookolewa mwaka wa lava.
Kitasa kingalipo; wageni hukigusa kabla ya kuketi
kana kwamba kuna chumba chini yetu.
Kipo. Nyumba ya koko Kavugho iko huko,
mita tatu ndani ya jiwe, pamoja na sufuria zake.

Kitabu cha kwanza hakikututesa.
Jitu la mlimani, nywele za moto,
hushuka usiku kuomba chumvi mlango kwa mlango.
Watoto wa Mabanga walikinunua kwa faranga mia tano,
wakakisoma hadi kikawa matambara.
Jitu la moto hujichora lenyewe:
umeme ukikatika, fungua dirisha,
lile pale, limepaka mawingu wekundu.

Cha pili kilitushinda.
Koko alitaka tumchore mazuku.

Hana sura, koko.
Akasema: nimemwota mara nne
tangu mbuzi wa Mama Nzigire alipolala bondeni
bila jeraha, macho wazi, majani mdomoni.
Ndoto ya kwanza alikuwa mgeni mwenye haya,
unampa kiti, anakaa chini, chini kabisa.
Ya pili alinusa miguu ya watoto.
Ya tatu nimeisahau, nilikuwa na homa.
Ya nne alinitegea:

*Sina guu, nazunguka, sina kono, nakamata,*
*mrefu ananivuka, mfupi ananipata,*
*upepo kija natoka, ukilala ninapita…*

Mstari wa nne ulikatwa na jogoo.

Mbusa alijaribu.
Alimpa pembe, akawa ng'ombe.
Alimpa shuka jeupe, akawa padri.
Alimpa moshi, nikamwambia hilo ni jiko la mtu.
Akanirushia kifutio.
Siku mbili hatukusemezana,
tukapitishiana chumvi kupitia kwa koko.

Kisha ukurasa wa kumi na mmoja.
Shimo la mawe meusi, jiwe kwa jiwe,
na vitundu vya kila jiwe,
mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka.
Katikati ya shimo kisanduku, mstari mwembamba,
na ndani ya kisanduku
karatasi.

Akanisogezea: weka kiputo.
Nikachora kiputo.
Nikawaza mpaka koko akafunika makaa kwa majivu.
Sikuandika kitu.
Katika viputo vyangu vyote, hicho ndicho sijakionea aibu.

Wengine walidai faranga zao.
Mashine ya Birere imekula wino, walisema,
mnatuuzia karatasi tupu kama ya daftari.
Mwalimu mmoja alitujazia kisanduku kwa kalamu ya bluu:
joka, lenye miwani.
Lakini Nzigire, miaka tisa, yule wa mbuzi,
alitia kidole katikati ya weupe,
akakitoa upesi,
akakinusa.

Jumamosi nilimwona upande wa Keshero,
bidoni la manjano mgongoni, mdogo wake pembeni
akipiga teke kokoto.
Njia ya mkato inateremka pale, kisha inapanda.
Asubuhi ilikuwa imetulia; hata kanga zilizoanikwa
zilining'inia kama zimeambiwa zinyamaze.
Nzigire alisimama.
Alitazama bondeni, mahali pasipo kitu,
kwa muda ule ule wa kugeuza ukurasa.
Akaliacha bidoni,
akampandisha mdogo wake mabegani,
akazunguka kwa juu, njia ndefu, ya mawe makali.

Nami, mtu mzima, mwenye ndevu,
nililiokota bidoni
nikazunguka nyuma yao.